Kilo 655 Zilizodaiwa Kuibwa

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha kemia mjini Tanga, mjomba wangu aliniita nyumbani kwake Jumamosi asubuhi, na kabla sijamaliza kumwamkia akanionyesha daftari lake la hesabu. Wakati ule alikuwa na tanuri la chokaa kwenye kiwanja chake kusini mwa mji, kando ya njia iendayo Tongoni, na alikuwa amemwajiri fundi mzee aliyechoma chokaa tangu mimi sijazaliwa. Daftarini palikuwa na mistari miwili tu. Mawe yaliyoingia tanurini: kilo 1,200. Chokaa iliyotoka: kilo 545.

“Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma,” aliniambia. “Kilo mia sita hamsini na tano zimekwenda wapi?”

Aliuliza, lakini jibu alikuwa nalo tayari, kwa kuwa ujira wa fundi alikwisha kuuzuia tangu Alhamisi. Alikubali kwamba jiwe likichomwa hupungua kidogo, kama muhogo unavyopungua ukichomwa. Ila kupungua zaidi ya nusu, kwa maoni yake, ilikuwa ni kazi ya mkono wa mtu na mkokoteni wa usiku. Nilimwomba anipe siku tatu. Sikumwambia kwamba wiki ileile nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu somo hilohilo, na kwamba nilikuwa nimewapa wanafunzi wangu hesabu ya jiwe la chokaa lenye uzito wa gramu 25, wakaipata wote, bila mmoja wetu kufikiri kwamba hesabu ile inaweza kumwokoa mtu asiitwe mwizi.

Jiwe la matumbawe linalochimbwa ardhini katika pwani yetu, sawa na mawe ya chokaa yenye mapango kule Amboni, sehemu yake kubwa ni kaboneti ya kalsiamu, ambayo wanakemia huiandika CaCO3. Likipata moto wa nyuzi za Selsiasi zipatazo 900 huvunjika, na kutoa vitu viwili: oksidi ya kalsiamu, ambayo ndiyo chokaa isiyozimwa, yaani ambayo haijakutana na maji, na hewa ya ukaa. Mlinganyo wake ni mfupi:

CaCO3 → CaO + CO2

Kazi ya kwanza katika hesabu yoyote ya namna hii ni kuhakikisha kwamba mlinganyo umesawazika, yaani kila atomi iliyoingia upande wa kushoto inaonekana upande wa kulia. Hapa kuna kalsiamu moja kila upande, kaboni moja, na oksijeni tatu ambazo zimegawanyika, moja ikabaki kwenye chokaa na mbili zikaondoka na hewa. Umesawazika bila sisi kuugusa, na unasema kwamba kila chembe moja ya kaboneti huzaa chembe moja ya chokaa. Tena angalia kwamba mlinganyo hauzungumzii kilo. Unazungumzia idadi. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, na hapo ndipo mjomba wangu alipopotea, kwa kuwa mizani hujua uzito tu, na idadi ya chembe haiijui.

Daraja la kutoka kwenye uzito kwenda kwenye idadi ni kipimo kinachoitwa moli. Moli moja ni kifurushi chenye chembe 6.022 zidisha kwa kumi kipeo cha 23, na uzuri wake ni kwamba uzito wa kifurushi hicho, kwa gramu, hupatikana kwa kujumlisha tu uzito wa atomi zilizomo. Kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni 16. Basi moli moja ya CaCO3 ni 40 na 12 na 48, jumla gramu 100. Moli moja ya CaO ni 40 na 16, yaani gramu 56. Moli moja ya CO2 ni 12 na 32, yaani gramu 44. Nimezikata desimali kwa makusudi, maana kosa linaloletwa na desimali hizo ni dogo sana likilinganishwa na makosa ya mizani ya ghalani.

Kwa hiyo kila kilo 100 za kaboneti safi, zikiiva zote na lisipotee hata vumbi, hutoa kilo 56 za chokaa, wala haziwezi kutoa 57. Kilo 44 zinazobaki hazikuibwa na mtu. Zimepanda angani kama hewa, na zingepanda hata kama fundi angekuwa malaika. Kiasi hicho kikubwa kabisa ambacho mlinganyo unaruhusu ndicho tunachokiita zao la kinadharia. Kile ambacho mizani inaonyesha baada ya kazi ni zao halisi. Ukigawa la pili kwa la kwanza, ukazidisha kwa 100, unapata asilimia ya zao, na asilimia hiyo ndiyo pekee inayofaa kumhukumu fundi. Mjomba alikuwa akigawa chokaa kwa mawe, jambo ambalo ni sawa na kumlaumu mkaanga samaki kwa uzito wa magamba.

Nilipokwenda kiwanjani nilimkuta fundi ameketi kivulini, hana kazi, na lundo la mawe ya awamu iliyofuata likiwa mbele yake. Nilimwamkia, tukazungumza. Aliniambia jambo ambalo vitabu vyangu havikuwa nalo: jiwe lililoiva halibadiliki umbo wala ukubwa kwa kiasi cha kuonekana, ila ukiliinua ni jepesi kama mkate uliokauka, na lile ambalo halijaiva mkono hulijua mara moja kwa uzito wake, kwa sababu moyo wake bado ni jiwe. Kwa njia hiyo huyachambua anapopakua tanuri. Mkono wake, bila yeye kujua, ulikuwa ukizipima zile sehemu 44 katika kila 100.

“Mwalimu, zile ngumu nimezitenga pale,” akanionyesha rundo dogo nyuma ya tanuri. “Sikuzitia katika magunia, maana mnunuzi angetutukana.” Tukazipima pamoja kwenye mizani ya mjomba. Zilikuwa kilo 96.

Nikauliza pia mawe yalipimwa lini. Yalipimwa siku yaliposhushwa kutoka kwenye lori, na siku hiyo ilikuwa katikati ya masika. Jiwe la matumbawe lina matundu, linakunywa maji kama sifongo. Nikachukua kipande cha gramu 500 kutoka ndani ya lundo lililobaki, lililotoka kwenye lori lilelile na kufunikwa turubai, nikakipeleka maabara, nikakikausha katika joto linalopita kidogo lile la maji kuchemka mpaka uzito wake ukaacha kushuka. Kilibaki gramu 460. Asilimia 8 ya kile alichokinunua mjomba kama mawe ilikuwa mvua.

Basi hesabu ikawa hivi. Katika kilo 1,200, maji yalikuwa kilo 96, na mawe makavu kilo 1,104. (Maji na mioyo ya mawe kulingana uzito ilikuwa sadfa tu, ingawa ilinitia wasiwasi nikarudia kupima.) Kipande kingine nilikitia katika asidi kikayeyuka karibu chote, nikaamua kuupuuza mchanga kidogo uliobaki chini. Kilo 1,104 ni gramu 1,104,000; gawa kwa 100, unapata moli 11,040 za kaboneti. Kwa kuwa moja huzaa moja, tutapata moli 11,040 za chokaa. Zidisha kwa 56: gramu 618,240, yaani kilo 618 na kidogo. Hiyo ndiyo dari. Fundi alikuwa ameleta 545, ambazo ni asilimia 88 ya dari hiyo, kwa tanuri la wazi linalokokwa kwa magogo ya minazi.

Ile asilimia 12 iliyosalia nayo haikuwa kitendawili. Mioyo ya mawe ya kilo 96 ni kaboneti ambayo haikuvunjika. Ingeiva ingetoa kilo 54 hivi za chokaa. Ondoa 54 kwenye 618, unabaki na 564. Ondoa 545 zilizomo magunini, zinabaki kilo 19. Ukitaka kuzijibu kilo 655 za mjomba moja kwa moja, ziko hivi: 96 ni maji, karibu 444 ni hewa ya ukaa, 96 zimelala nyuma ya tanuri, na 19 hazijulikani ziliko. Nilimpelekea karatasi hiyo Jumanne jioni. Aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko shukrani ambayo angeweza kunipa: “Hewa ina uzito wa kilo mia nne?”

Ina. Swali hilo ni la zamani kuliko tanuri lake. Mtu aliyelijibu kwa mizani alikuwa Joseph Black wa Scotland, ambaye mwaka 1756 alichapisha majaribio yake juu ya magnesia na chokaa, akaonyesha kwamba jiwe la chokaa likichomwa hupoteza uzito kwa sababu hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake imetoka, na kwamba hewa hiyo inaweza kurudishwa na uzito ukarudi. Jina la ufundi wenyewe wa kuhesabu, stoikiometria, lilitungwa na Mjerumani Jeremias Benjamin Richter mwaka 1792 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la elementi na jingine la kipimo. Hata hivyo chokaa ilichomwa katika pwani hii kabla ya Black na Richter kuzaliwa. Magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na waliojenga bila shaka walijua mzigo gani wa mawe unatoa chokaa ya ukuta gani. Huenda walipima kwa makapu. Tatizo la kapu ni kwamba jiwe lililoiva hujaza kapu lilelile, ndiyo maana ugomvi wa uzito ulianza mizani ilipoingia kiwanjani.

Inanipasa kukiri kwamba hesabu ya mjomba ilikuwa nyepesi, kwa sababu katika tanuri lake kinachobadilika ni kitu kimoja tu. Ugumu wenyewe huanza vitu viwili vinapokutana, na huo niliupata kwa shangazi yangu wa mtaa wa Ngamiani, Tanga, ambaye hupika sabuni ya mafuta ya nazi kwa kostiki. Kostiki ni hidroksidi ya sodiamu, NaOH, yenye uzito wa gramu 40 kwa moli. Mafuta ya nazi ni mchanganyiko, lakini kwa hesabu ya awali tunaweza kuyachukulia kana kwamba yote ni aina moja ya mafuta, ile inayotokana na asidi ya lauriki ambayo ndiyo nyingi zaidi humo, C39H74O6, yenye uzito wa gramu 639 kwa moli. Chembe moja ya mafuta hayo hudai chembe tatu za kostiki, na hutoa chembe tatu za sabuni na moja ya glisirini.

Shangazi alikuwa na kilo 5 za mafuta na gramu 800 za kostiki, akaniuliza atapata sabuni kiasi gani. Hapa mtu asianze kulinganisha kilo na kilo. Fikiria seremala ambaye kila mlango anautia bawaba tatu. Akiwa na milango minane na bawaba ishirini, hatapima milango kwenye mizani ili ajue kipi kitakwisha; atagawa ishirini kwa tatu, na kuona kwamba bawaba zitakwisha akiwa na milango sita. Vivyo hivyo, gramu 5,000 za mafuta gawa kwa 639 ni moli 7.82, na gramu 800 za kostiki gawa kwa 40 ni moli 20. Moli 7.82 za mafuta zingedai kostiki moli 23.5, na shangazi hana. Kostiki ndiyo itakayokwisha kwanza, kwa hiyo ndiyo yenye kauli juu ya zao lote: moli 20 za kostiki, moli 20 za sabuni, na kwa kuwa sabuni hiyo ina gramu 222.3 kwa moli, zao la kinadharia ni gramu 4,446. Mafuta yapatayo gramu 740 yatabaki yalivyo, yakiteleza ndani ya sabuni.

Alipoambiwa hivyo, shangazi alitaka kufunga hesabu kwa kutia kilo nzima ya kostiki. Nikamzuia. Gramu 1,000 ni moli 25, na mafuta yote ya moli 7.82 yanaweza kula moli 23.5 tu. Sasa kinachokwisha kwanza ni mafuta, ingawa kwenye mizani ni mazito mara tano kuliko kostiki, na gramu 61 hivi za kostiki zinabaki huru ndani ya sabuni, zikingoja ngozi ya mtoto. Ndiyo sababu wapika sabuni wenye uzoefu hukusudia kabisa mafuta yazidi kidogo. Wanafunzi wangu hupenda kuamini kwamba kitendanishi, yaani kitu kinachoingia katika badiliko, kikiwa na uzito mdogo ndicho kinachokwisha kwanza; kilo tano za mafuta zilizokwisha mbele ya kilo moja ya kostiki zimewaponya wengi wao imani hiyo, na tangu mwaka ule mfano huo ndio ninaoutanguliza darasani, kabla ya chuma na salfa na gesi ambazo hawajapata kuziona.

Mjomba, kwa upande wake, alianza kuipenda asilimia yake kupita kiasi. Mwezi mmoja baadaye alinipigia simu kwa furaha. Safari hii aliyapima mawe yakiwa makavu, kilo 1,000 kamili, na kwa kuwa mnunuzi alichelewa, chokaa ilipimwa baada ya kukaa ghalani siku kumi. Kilo 610! Fundi, alisema, amejirekebisha.

Nilimwambia kwamba kilo 1,000 za mawe haziwezi kutoa zaidi ya kilo 560 za chokaa, na kwamba zao halisi linapoipita dari, mtu asishangilie, achunguze. Tulikwenda ghalani. Magunia yaliyokuwa karibu na mlango yalikuwa yamepasuka mishono, na nilipopitisha mkono kati ya mawili nilihisi uvuguvugu. Chokaa isiyozimwa ina kiu. Katika hewa ya Tanga, ambayo hata chumvi ya mezani huilowesha, hunywa mvuke na kujizima yenyewe polepole, ikivimba na kutoa joto. CaO yenye 56 huchukua maji yenye 18, ikawa Ca(OH)2, yaani chokaa iliyozimwa, yenye 74. Kama kilo 50 zilizozidi zilikuwa maji matupu, basi zilitosha kuzima kilo 156 za chokaa, zaidi ya robo ya mzigo wote, na hapo tunachukulia kwamba tanuri lilitoa asilimia 100, jambo ambalo halikutokea. Sehemu nyingine huenda ilikuwa hewa ya ukaa, ambayo hufanya ubaya zaidi, kwa kuwa huirudisha chokaa kuwa jiwe.

Kuna njia nyingine ya mizani kudanganya kwa kuzidisha, nayo nilimweleza palepale. Mawe yenye mchanga, kwa mfano kilo 5 katika kila 100, yana kaboneti kilo 95 tu, kwa hiyo chokaa ya kweli haizidi kilo 53.2. Lakini mchanga hauruki na moshi. Unabaki, na mizani itaonyesha kilo 58.2, ikimfanya mwenye mawe mabovu aonekane mshindi. Kwa ajili hiyo mwanakemia hulisafisha na kulikausha zao lake kabla ya kulipima, na hulitilia shaka hata linapofika asilimia 99.

Tangu hapo mjomba aliagiza chokaa ipimwe siku ileile inapopoa, na fundi akapata ujira wake wote, pamoja na ule uliozuiwa. Kwenye ubao wa mlango wa ghala aliandika kwa mkaa namba mbili, 100 na 56, bila neno lolote, na wachukuzi walidhani ni bei.

Zile kilo 19 za awamu ya kwanza ndizo zilizobaki zikinisumbua. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ya mjomba kwamba ni “upotevu wa kawaida”, maneno ambayo mwalimu huyatumia akiwa hana la kusema. Jumanne ileile, kabla sijapanda daladala kurudi mjini, fundi alinishika mkono akanipeleka upande wa kaskazini wa tanuri, ambako upepo wa kusi ulikuwa ukipeleka moshi na vumbi siku ya kupakua. Mvua haikuwa imenyesha tangu siku hiyo. Palikuwa na mikorosho mitatu, na majani ya upande mmoja wa kila mkorosho, ule ulioelekea tanuri, yalikuwa meupe kama yaliyopakwa rangi. Akavunja jani moja, akalipangusa kwa kidole gumba, akanionyesha kidole.

“Hizi nazo ziandike, mwalimu,” akasema.